Mnara wa chuma juu ya shimo la makaa

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mwanangu aliyeko Ujerumani ameniletea kalenda yenye picha ya mnara wa chuma wenye magurudumu makubwa juu, na chini pameandikwa Zollverein, Essen. Anasema ni mgodi uliofungwa, na kwamba sasa ni urithi wa dunia. Mji Mkongwe kuhifadhiwa naelewa, lakini shimo la makaa lahifadhiwa kwa lipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yetu. Ulichokiona ni mnara wa Shimo Nambari 12, wenye urefu wa mita 55, na kazi yake utaifahamu upesi ukikumbuka kisima chenye kapi, ambapo kamba hupita juu ya kapi na mvutaji akasimama pembeni. Magurudumu yale ndiyo kapi, kamba ni ya chuma, mvutaji ni mashine iliyowekwa katika jengo la kando, na mahali pa ndoo palikuwa na vizimba vilivyopandisha matoroli ya makaa. Tangu shimo hilo lilipoanza kazi mwaka 1932, liliweza kutoa tani 12,000 kwa siku.

Mgodi wenyewe ulianzishwa mwaka 1847. Wasanifu Fritz Schupp na Martin Kremmer, waliochora majengo ya Shimo Nambari 12, waliyapanga kwa matofali mekundu na chuma kwa ulinganifu ambao mtu angeutarajia kwenye kasri, si mahali pa vumbi la makaa. Ulipofungwa tarehe 23 Desemba 1986, serikali ya jimbo iliununua badala ya kuuacha ubomolewe, na mwaka 2001 UNESCO ikauorodhesha, mwaka mmoja tu baada ya Mji Mkongwe wetu.

Kinachotunzwa, basi, ni kazi ya vizazi vya wachimbaji ambao makaa yao yaliendesha viwanda vya chuma vya bonde la Ruhr. Kwetu tumezoea kuutafuta urithi kwenye makasri na misikiti, na mimi nasikitika kwamba reli iliyotoka mjini hadi Bububu mwanzoni mwa karne ya 20 tumebaki kuisikia kwa wazee tu.

Mwambie mwanao, akipata mapumziko, aingie katika jengo lililokuwa la kuoshea makaa, ambalo sasa ni makumbusho, afuate njia ile ile yaliyopita makaa kati ya mashine, kisha akuandikie aliyoyaona.