Stripu ya mkojo ikisoma negativu usiseme kijana yuko safi

Mimi ni mtu wa maabara, na kitu kinachoniuma sana ni mzazi anaponunua zile stripu za kupima madawa, anampima mtoto, inasoma negativu, basi kwake yameisha, na huku kijana moyo unamwenda mbio, anatapika, anaongea peke yake usiku kucha.

Kwanza isome vizuri. Watu wamezoea kipimo cha mimba, sasa hizi za madawa ni kinyume chake, mistari miwili ndo negativu hata kama ule wa kwenye herufi T, yaani mstari wa kipimo, umefifia kabisa, ukitokea wa kwenye herufi C, yaani mstari wa kuonyesha stripu inafanya kazi, peke yake ndo kuna kitu. Watoto wanagombezwa bure hapo jamani.

Halafu stripu inakamata kile tu ilichotengenezewa. Ya bangi inatafuta mabaki ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, lakini Spice, hii "bangi" ya majani yaliyopuliziwa kemikali, haina undugu na THC, kwa hiyo mtu anavuta mpaka anadondoka na stripu inatoka safi. Huko Ujerumani mwaka 2008 walipochunguza Spice wakakuta kemikali inaitwa JWH-018, ikapigwa marufuku, watengenezaji wakageuza kemikali kidogo wakatoa nyingine, na ndo mchezo unavyoenda mpaka leo, UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya na uhalifu, imeshaorodhesha dawa mpya za kulevya zaidi ya 1,000. Na ile ya opiati, dawa za jamii ya afyuni, imelenga mofini, kwa hiyo fentanyl na tramadol, dawa kali za maumivu, zinapita hivihivi.

Kwa hiyo uliza maabara kabla hujalipa: mnapima dawa zipi, na mnatumia stripu au mashine ya LC-MS, ile inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wake? Hiyo mashine ndo inaweza kukamata hivi vitu, tena mara nyingi inachokiona kwenye mkojo sio dawa yenyewe, ni mabaki baada ya ini kuivunja, na kama maabara haina orodha ya hayo mabaki hata mashine ya bei mbaya haitasema kitu. Chukua mkojo mapema, siku hiyohiyo, kopo safi lenye mfuniko, weka kwenye friji, ikibidi usafiri siku kadhaa ugandishwe. Pakiti au karatasi aliyoivuta usitupe, peleka nayo, inasaidia kuliko unavyofikiri.

Ikisoma pozitivu nayo usimfukuze mtoto nyumbani, dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinaweza kuidanganya stripu ya amfetamini, subiri mashine ithibitishe.

Ila kama amepoteza fahamu au anapumua kwa shida, mwahishe hospitali sasa hivi, majibu ya mkojo yatamkuta hukohuko akiwa anatibiwa.