Mwanangu alijifunza kwangu kuficha njaa

Masika ya mwaka 2019 mwanangu mkubwa alikaa Unguja wiki sita hana kazi, na mimi niko Wete, Pemba, namdhania yuko kazini. Kila nikimpigia simu hujibu, "Salama mama, kazi zinakwenda." Kumbe hoteli yake kule kaskazini ilikwishafungwa tangu mwanzo wa Aprili, kama hoteli nyingi za Nungwi na Kendwa zinavyofunga au kupunguza watu mvua zikikaza na wageni wakikata. Vijana wapya waliambiwa warudi Juni. Akahamia chumba cha mwenzake mjini, akawa anakula mara moja kwa siku, akachukua mkopo kwenye simu, kisha akachukua mwengine kuulipa ule wa mwanzo.

Habari nilizipata kwa mtoto wa mdogo wangu aliyemkuta Darajani. "Mama mkubwa," akanambia, "kaka amekonda, hata nguo zinamvuka." Siku ya pili nikapanda boti bandari ya Mkoani.

Nilipomuona nilimuuliza swali moja tu: mbona hukunambia? Alinyamaza sana, kisha akanijibu kwa adabu, bila ya kuninyanyulia macho: "Mama, na wewe ukikosa, huwa unamwambia nani?"

Akanikumbusha mwaka ambao mikarafuu yetu haikuzaa. Wenye shamba wanajua, karafuu ina mwaka wa neema na miaka mitupu. Sisi tuna eneo dogo ndani ya eka tatu alizopewa babu yao baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwaka ule hatukupata hata gunia. Nilikuwa nachemsha muhogo asubuhi na jioni, jirani akiita nasema leo tumeutamani muhogo. Bangili yangu niliiuza magharibi, wakati watu wako msikitini. Nilidhani watoto hawaoni. Yeye alikuwa na miaka tisa, na aliona kila kitu.

Nalieleza hili kwa sababu wazazi wenzangu wengi wananiuliza tuwafundishe nini vijana kuhusu fedha kabla hawajatoka nyumbani. Wanatarajia niwatajie benki, au biashara ya kuanzia. Hayo yapo, na nitayagusa. Lakini lililomuangusha mwanangu halikuwa hesabu. Kidato cha nne hesabu alipasi vizuri. Kilichomuangusha ni aibu, na aibu ile niliisomesha mimi.

Sisi Wazanzibari tunaithamini sitara. Mtu aliyesitirika ni mtu mwenye heshima, na siwezi kumshauri mtu aianike nyumba yake barazani. Shida ni kwamba tumeichukua sitara ya kwa jirani tukaiingiza mpaka ndani, baina ya mama na mwanawe. Mtoto anakua akijua kwamba mtu mzima ni yule asiyekosa kitu. Siku anapokosa yeye, anajiona peke yake ndiye aliyeshindwa duniani. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi maradhi haya tunawarithisha.

Niliporudi Pemba nilinunua daftari. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya chakula, tunakaa ukumbini na kuandika: mchele, unga, umeme, nauli za skuli, michango ya harusi na maziko, deni la dukani. Upande wa pili tunaandika kilichoingia, cha ushoni kwangu na cha bahari kwa baba yao. Usiku wa kwanza hakuna aliyesema neno. Baba yao alilikataa jambo lile waziwazi. "Utawatia watoto hofu bure," alisema.

Lazima niseme kwamba kwa kiasi fulani alikuwa na haki. Wiki ya tatu niligundua mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka kumi na moja, anakwenda skuli bila ya kunywa chai ili mkate ubakie. Niliumia sana. Ndipo nilipojua kumwambia mtoto ukweli si kumbebesha mzigo. Sasa nikitaja deni, hapo hapo nataja nani atalilipa na lini, na huyo ni mimi au baba yao. Nikamwambia yule mdogo kwa maneno mepesi: chakula chako ni kazi yetu, kazi yako ni kujua kinatoka wapi. Mzazi akilichukua hili la daftari na kuliacha hili la pili, bora asianze kabisa.

Jambo jengine lililonifunza ni jamvi. Vuli iliyofuata nilimpa binti yangu, wakati ule ana miaka kumi na sita, jamvi moja la karafuu liwe lake: azichambue makonyo, azianike, azipeleke kituoni, na fedha ziwe zake. Karafuu haitaki mchezo. Inataka jua kali siku kadhaa, uigeuze, uikusanye kila wingu likitanda, na kilo moja kavu inakula kama kilo tatu mbichi. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, wananunua kwa daraja, kwa hiyo iliyorowa haiuzwi kama iliyoanikwa vizuri.

Siku ya pili akaenda kwa rafiki yake. Mvua ikapiga.

Mimi nilikuwa nyumbani. Jamvi langu nililikunja, lake nikalitazama. Mama mkwe aliniita mama asiye huruma, na moyo wangu ulikuwa unakubaliana naye. Lakini ningelikunja, binti angejifunza kwamba kuna mtu nyuma yake siku zote, na mimi sitakuwa nyuma yake siku zote. Alirudi amerowa, akakaa chini karibu ya karafuu zake akalia. Nilikaa naye. Sikumwambia "nilikwambia," na sikumlipa. Nilimuuliza tu, "Umepoteza kiasi gani?" Tukapiga hesabu pamoja na machozi yake. Zile zilizosalimika alizianika upya, akapata chini ya nusu ya alichotarajia, akakiandika mwenyewe katika daftari. Hasara ile ilikuwa ndogo na ilimpata nyumbani kwao, akiwa na mtu wa kukaa naye. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo nimewahi kumpa.

Kwa vijana wanaokwenda kufanya kazi hotelini, nasema hivi. Usiuhesabu mshahara wako kwa miezi kumi na mbili kama unafanya kazi tisa. Ukilipwa 300,000 kwa mwezi, kwa miezi tisa ni 2,700,000. Igawe kwa kumi na mbili, unapata 225,000. Huo ndio mshahara wako wa kweli, na ile 75,000 ya kila mwezi si yako, ni ya masika. Bakhshishi za wageni usizitie kabisa katika hesabu ya kodi wala chakula, kwa sababu zinakuja zinapotaka. Akiba isikae kwenye simu, maana mkono uko karibu mno. Fungua akaunti, PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ina huduma ya Kiislamu kwa asiyetaka kugusa riba. Ukiwa katika mchezo wa kazini, ule wa kuchangishana fedha na kupokea kwa zamu, muombe kijumbe anayekusanya zamu yako iangukie Aprili, usigombee ya mwanzo kama wengine. Na mkataba uusome kabla ya kutia saini, uulize unasema nini hoteli ikifunga, kisha ufuatilie ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, mwenyewe kama michango yako inapelekwa. Usione haya kuuliza.

Kwa watoto wa kike kuna jambo la ziada. Tunamtafutia binti somo wa kumfunda ndoa, na hiyo ni mila njema. Lakini sijasikia somo anayemkalisha mwari akamueleza kwamba mahari ni mali yake, si ya baba wala ya shangazi, na kwamba fedha anayoichuma kwa mikono yake dini imempa yeye, hata kama mume ndiye mwenye wajibu wa kumlisha. Binti yangu nilimueleza mimi, kabla hajaja mtu yeyote kuposa.

Mwanangu alirudi kazini Juni ile ile. Mikopo ya simu ilimchukua miezi minne kuimaliza, na sikumlipia. Akaanza kuweka ile 75,000, mwezi mwengine akaweka, mwengine akashindwa. Kisha ikaja Machi 2020. Wageni wakaondoka kwa wasiwasi wa korona, ndege za nje zikasita, na hoteli za pwani nzima zikafunga, safari hii bila ya kuambiwa mtu arudi lini. Akiba yake haikufika hata katikati ya Mei.

Lakini siku ya tatu tu baada ya kufungwa, simu yangu ililia usiku, na sauti ilikuwa yake. "Mama, tumefungiwa. Nina laki moja na themanini, na kodi ya chumba haijalipwa. Niifanye nini?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Nikaliteremsha daftari kutoka juu ya kabati, nikamuita baba yake, tukakaa.