Jibu: GPA 3.6, sina sapu, lakini jina halipo kwenye orodha ya wahitimu

Salaam ndugu, pole sana. Umemaliza mwaka wa tatu wa chuo na GPA (wastani wa alama zako) 3.6, sapu (mtihani wa marudio) huna, jina halipo. Anza na krediti, yaani uzito ambao kila somo limepewa, GPA iache kwanza. Shahada ya miaka mitatu inadai angalau krediti 360 kwa mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Zijumlishe mwenyewe kwa kalamu, muhula kwa muhula.

Yalinikuta hayo hayo. Nilisharudi nyumbani Nansio, kisiwani Ukerewe, ikabidi nipande meli kuvuka tena hadi Mwanza. Kumbe alama za mafunzo kwa vitendo hazikuingizwa kwenye mfumo, nikabaki na 352. GPA haikuonyesha kitu, kwa sababu hugawanywa kwa krediti zilizoingia tu. Somo lililokosekana haliishushi. Ndiyo maana inadanganya.

Ukikuta pengo, nenda kwa mratibu wa mitihani wa idara yako kabla ya ofisi ya msajili, ukiwa na kitabu cha mafunzo kilichosainiwa na fomu ya usajili wa masomo. Andika barua, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kwa mdomo tu nilizungushwa wiki mbili.

Je, uliwahi kubadilisha somo la hiari katikati ya muhula? Tuambie.