Mbwa jike anamkataa dume: bado siku zake hazijafika

Ndugu, unasema mbwa wako jike yuko siku ya saba tangu aanze kutoka damu, na dume akimsogelea anakaa chini na kumng'akia. Hana tatizo, hajawa tayari tu. Wengi hukwama kwa kuhesabu siku peke yake. Majike wengi hukubali kati ya siku ya 10 na ya 14, lakini wapo wanaowahi na wanaochelewa sana, kwa hiyo mtazame yeye.

Mfute kwa kitambaa cheupe kila asubuhi. Damu ikififia na uke uliovimba ukaanza kulainika, mkune juu ya mkia. Akisimama imara na kuupeleka mkia pembeni, mlete dume, kisha rudia baada ya siku mbili. Wakinasana wakati wa kupandana, tafadhali usiwavute! Huweza kufika nusu saa, na kuwatenganisha kwa nguvu huwaumiza wote.

Kama ni joto lake la kwanza (kipindi cha kutaka dume), mwache akue. Daktari wa mifugo awapime wote wawili brusela (ugonjwa wa bakteria unaoharibu uzazi) kabla ya kupandisha. Anaweza pia kupima projesteroni (homoni ya uzazi) kwenye damu ya jike, kipimo cha uhakika kuliko macho. Jike akitoa usaha ukeni, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.