Kabla hujapuliza dawa ya bosi, uliza leseni

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa hapa Lowell, Massachusetts, aliniandikia: "Kaka, meneja wa jengo amenipa dawa ya mende nipulize kwenye nyumba za wapangaji. Mimi kazi yangu ni mabomba. Kuna shida?" Nilisoma ujumbe huo moyo ukinienda mbio, maana yalishanikuta hayo hayo.

Nimekulia Kinangop, Kenya. Pampu ya mgongoni nilianza kuibeba nikiwa shule ya msingi, tukipulizia viazi, na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Basi nilipopata kazi ya matengenezo kwenye jengo la ghorofa na meneja akanikabidhi kopo, nilipuliza. Chini ya sinki, nyuma ya jiko, hadi kando ya kitanda cha mtoto. Mama wa nyumba ile akalalamika, mkaguzi wa jimbo akaja. Akaniomba leseni, nikamtolea ya gari. Meneja aliyenipa kopo kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, akasema hajui nani alinituma. Miaka mitatu imepita na bado inaniuma.

Wenzangu, sikieni. Katika jimbo hili, hata dawa inayouzwa dukani kwa kila mtu, ukiipuliza kazini, iwe shuleni, hospitalini, mkahawani au kwenye jengo lenye nyumba nne na zaidi, unahitaji leseni ya Idara ya Rasilimali za Kilimo ya jimbo. Wengi hudhani leseni ni ya kampuni za kuua wadudu peke yake. La. Hata ukipuliza kwenye mali ya mwajiri wako tu, wewe unayeshika kopo ndiye unayedaiwa leseni. Na zile dawa kali ambazo sheria imezibana zinataka cheti cha juu zaidi, au usimamiwe na mwenye nacho.

Mtihani wa leseni nilianguka mara ya kwanza. Kilichoniangusha ni hesabu. Mtu aliyezoea lita anaambiwa galoni moja ni aunsi 128, halafu apime dawa kwa futi za mraba 1,000! Nikasoma kila usiku baada ya zamu, mke wangu akiniuliza maswali huku anakunja nguo. Mara ya pili nikapita. Leo meneja wa sasa hanunui kopo lolote bila kuniuliza.

Kwa hiyo uliza leseni kwanza. Soma lebo yote, maana kutumia dawa kinyume na lebo ni kuvunja sheria ya Marekani. Tafuta kwenye lebo namba ya usajili ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani. Kama huna leseni, usipulize, hata bosi akinuna. Vijana wetu tunaogopa mno kumwambia bosi hapana, na mkaguzi akija tunabaki peke yetu.

Yule ndugu nimemwambia arudishe kopo na amwombe meneja amlipie mtihani. Watazungumza Jumatatu. Kitabu changu cha kusomea kiko juu ya friji, atakuja kukichukua.