Kufundisha atomu kidato cha pili: gololi kwanza, miduara ya ubaoni isubiri

Nafundisha kemia shule ya kata, darasa moja lina watoto sabini na kitu, na mada iliyonitesa kuliko zote kidato cha pili ni muundo wa atomu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naingia, nachora miduara, katikati naandika P na N, yaani protoni na nyutroni, pembeni nadonoa vidoti vya elektroni, wanakopi, kipindi kimeisha. Madaftari yanapendeza kweli. Halafu unasahihisha test unakuta mtoto kaandika eti nyukliasi (kiini cha atomu) ndiyo inaongoza shughuli zote za atomu.

Kwanza nilicheka, ila walioandika hivyo walikuwa kumi na moja, ikabidi nijiulize. Kumbe hawakubuni! Kidato cha kwanza kwenye baiolojia walishaambiwa seli ina nyukliasi na ndo bosi wa seli, sasa wewe unakuja na nyukliasi yako hujawaambia hata neno moja kwamba huyu siye yule. Mwingine nikamuuliza kwa Kiswahili, elektroni zinakaa wapi? Akajibu fasta, "kwenye sheli madamu." Nikafurahi, maana shell ya Kiingereza ni ganda, lile tabaka la elektroni kuzunguka kiini. Haya, sheli ni nini? "Si pale wanapojaza mafuta." Darasa likaangua kicheko, lakini nilivyowauliza waliokuwa wanacheka nao wakainama.

Tangu siku hiyo mada hii naianza kwa Kiswahili, kipindi kizima cha kwanza, na najua kuna shule ukisikika unaongea Kiswahili darasani unaitwa ofisini lakini mi nafunga mlango naendelea, maana mtihani ni wa Kiingereza sawa, ila mtoto akishalijua jambo lenyewe jina lake halimsumbui.

Na sianzi na picha, naanza na gololi. Chukua boksi kubwa la karatasi, lifungue liwe bapa, liinue kidogo kwa matofali kwenye kona nne, chini yake ficha jiwe uligandishe na udongo lisihame. Watoto wakae pande zote, wasukume gololi zipite chini, wanachoruhusiwa kuona ni zinakotokea tu. Nyingi zinapita kama hakuna kitu, moja moja inapinda, halafu ghafla moja inarudi kwa aliyeisukuma, hapo ndo utasikia kelele. Baada ya kusukuma mara thelathini arobaini waambie wachore jiwe liko wapi na lina ukubwa gani. Usikosee kama nilivyokosea mimi mara ya kwanza, niliweka jiwe kama ngumi mbili, gololi karibu zote zikarudi, darasa likahitimisha kwamba atomu imejaa, nikabaki natoa macho. Tafuta jiwe la saizi ya ndimu.

Wakishachora ndo nawasimulia kwamba walichofanya kilifanyika Manchester, Uingereza, mwaka 1909. Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiwa chini ya mwanasayansi Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa, vijichembe vidogo mno vyenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu. Mwanasayansi J.J. Thomson, aliyegundua elektroni 1897, alikuwa anaamini chaji chanya imetapakaa atomu nzima, kwa hiyo ilitakiwa chembe zote zipite, kumbe chache mno zikawa zinarudi nyuma, na mwaka 1911 Rutherford akasema basi kuna kiini kidogo sana katikati. Marsden alikuwa na miaka 20 tu, mwanafunzi. Hilo usiache kulisema, madogo wa nyuma huwa wananyanyua vichwa.

Kisha tunatoka nje. Nasimama katikati ya uwanja wa mpira nimeshika punje ya ufuta, nawaambia hiki ndo kiini, elektroni ziko huko magolini, na katikati yake hakuna kitu. Kuna binti akaniuliza, sasa kama ni tupu hivyo mbona sizami kwenye kiti? Nikamwambia elektroni za kiti na za sketi yako zinakataana. Ni jibu fupi, lakini kwa kidato cha pili linatosha.

Sehemu nyingine inayowavuruga ni uzito wa atomu ya klorini kuwa 35.5, wanauliza hiyo nusu ni nusu nyutroni au? Nawaambia atomu za klorini hazilingani uzito, kwenye kila nne kama tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Nagawa visoda vinne, vitatu nimeandika 35 na kimoja 37, jumlisha upate 142, gawa kwa nne. Dakika tano tu, na hakuna anayeuliza tena.

Kuhusu mpangilio wa elektroni sina maneno mengi, ila tafadhali kama umewapa ile kanuni kwamba ganda la tatu linabeba 18, usishangae mtoto akiandika kalsiamu, yenye elektroni 20, ni 2:8:10, ana haki yake. Mwambie wazi kwamba kwa elementi 20 za mwanzo tunaishia 8 kisha tunahamia ganda la nne, inakuwa 2:8:8:2, na sababu yake ataikuta mbele akiendelea na kemia. Kuliko kumdanganya kwamba ganda la tatu limejaa.

Halafu gololi zihesabu kabla ya kipindi na baada ya kipindi. Nilianza mwaka na ishirini, sasa hivi nina kumi na tatu.