Kuwasha usimbaji fiche kwenye Element ya kazini

Umeuliza kama ukiwasha usimbaji fiche (kufunga ujumbe ili usomwe na walio chumbani tu) kwenye chumba cha Element, programu ya kutumiana ujumbe, ambacho timu yenu imekitumia muda mrefu, ujumbe wa zamani nao utafichwa. Hapana. Uliokwisha kutumwa unabaki kwenye seva kama ulivyo, na anayeiendesha seva anaweza kuusoma. Kinachofichwa ni kitakachoandikwa baada ya hapo. Jina la chumba nalo halifichwi, kwa hiyo msiandike siri humo.

Kuwasha kwenyewe ni kazi ya sekunde chache: mipangilio ya chumba, usalama na faragha, basi. Ila ukishawasha huwezi kuzima tena. Mimi ningefungua chumba kipya kwa mambo nyeti, kile cha zamani nikakiachia porojo za kila siku.

Wengi huumizwa na funguo, yaani siri za kidijitali ambazo kifaa hutumia kufungua ujumbe uliofichwa. Kabla ya kuwasha, kila mmoja awashe nakala rudufu ya funguo na kuhifadhi ufunguo wake wa urejeshaji nje ya kifaa anachotumia. Mtu akijitoa kwenye vifaa vyake vyote bila huo, ujumbe wake wa nyuma haufunguki, na msimamizi hana la kumsaidia. Roboti za kutuma taarifa mzijaribu mapema. Nyingine hushindwa kusoma chumba chenye usimbaji fiche.